Simu ya mezani ofisini yaweza mengi, wengi huishia kuipokea tu

MTU anayepiga simu katika ofisi nyingi za Jijini Dar es Salaam aghalabu hupokewa kwa maneno mawili kabla hajamaliza kujieleza: "Subiri nikuunganishe." Yanayofuata hayatabiriki. Pengine ataunganishwa na anayemtafuta, na pengine atasikilizishwa muziki wa kinanda kwa dakika tatu, kisha laini itakatika.

Akipiga tena, mhudumu wa mapokezi humweleza kwa upole kwamba mhusika hayupo mezani, halafu humpa namba ya simu ya mkononi ya mhusika huyo ili amtafute mwenyewe.

Kwa mpigaji, hiyo ni kero ya dakika chache. Kwa kampuni ni hasara ya aina mbili. Wapo wateja wanaokata tamaa na kupiga kwa mshindani. Wapo pia wanaopewa namba ya mkononi, na hao polepole hugeuka kuwa wateja wa mfanyakazi badala ya kuwa wateja wa kampuni. Siku mfanyakazi huyo anapohamia kwingine, huondoka na namba yake, na wateja humfuata huko huko.

Linaloshangaza ni kwamba mtambo unaoweza kuzuia sehemu kubwa ya hasara hiyo, mara nyingi umekwishanunuliwa na kufungwa ukutani. Mtumishi anayeweza kubonyeza nyota 150 nyota 00 reli bila kutazama vitufe ili atume fedha kijijini, huyo huyo husita kubonyeza vitufe vitatu vya simu iliyo mbele yake kwa kuhofia kumkata mteja. Hofu hiyo ina sababu, kama itakavyoonekana, lakini dawa yake ni nyepesi.

Mtambo huo mafundi huuita PABX, na watumishi wa zamani walizoea kuuita swichibodi. Kazi yake ya msingi ni kugawa laini chache za nje kwa watu wengi walio ndani. Ofisi yenye watumishi 20 haihitaji laini 20, kwa kuwa si wote wanaozungumza kwa wakati mmoja. Kila meza hupewa namba fupi ya ndani, maarufu kama ekstensheni, tuseme 201 hadi 220, na wenye namba hizo huzungumza wao kwa wao bila kulipia hata senti. Anayetaka kupiga nje hubonyeza kwanza tarakimu ya kuombea laini, aghalabu 9 au 0.

Mambo hayo yanafahamika kwa kila mtumishi tangu siku yake ya kwanza kazini. Yasiyofahamika huanzia pale simu inapotakiwa kutoka meza moja kwenda nyingine.

Kuhamisha bila kukata

Kitufe kinachohusika, katika simu za kawaida, huandikwa R, Flash au Recall. Kikibonyezwa katikati ya mazungumzo, mtambo humweka mpigaji kando na kumpa mpokeaji mlio wa kupigia. Hapo hupiga namba ya ndani ya mwenzake. Baada ya hapo zipo njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa malalamiko mengi.

Njia ya kwanza ni kuhamisha bila kuulizana. Mhudumu wa mapokezi hupiga 214 na kuweka mkonga chini papo hapo. Ni njia ya haraka, inayofaa pale ambapo kuna wapigaji wengi na yule wa 214 anajulikana kuwa yupo. Njia ya pili ni kuhamisha kwa kuulizana. Mhudumu hupiga 214, hungoja mwenzake apokee, humweleza nani anapiga na ana shida gani, na ndipo anapoweka mkonga chini. Mpigaji hasikii mazungumzo hayo. Asipopatikana mtu, mhudumu hubonyeza kitufe kile kile na kumrudia mpigaji, akachukua ujumbe.

Njia ya pili huchukua sekunde 15 zaidi, lakini humwepusha mpigaji na adha ya kueleza shida yake mara tatu kwa watu watatu. Kwa mgonjwa anayeulizia majibu ya vipimo, au mwagizaji wa mzigo uliokwama bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku, sekunde hizo zina thamani kubwa.

Kwa wale wanaohamisha bila kuulizana, mitambo mingi ina kinga ambayo haitumiki kwa kuwa haikuwekwa sawa. Simu ikilia 214 pasipo kupokewa kwa muda uliopangwa, kwa mfano sekunde 30, hujirudisha yenyewe mapokezi. Muda huo hupangwa na fundi. Ukiwa mrefu mno, mpigaji huchoka na kukata kabla simu haijarudi. Ukiachwa bila kupangwa kabisa, simu huendelea kulia mahali pasipo na mtu.

Kuhusu ile hofu ya kumkata mteja, chanzo chake mara nyingi si mkono wa mtumishi. Kitufe cha R hufanya kazi kwa kukatiza mkondo wa laini kwa kitambo kidogo sana, na mtambo huhesabu urefu wa kitambo hicho ili kutambua kinachoombwa. Baadhi ya mitambo hutarajia milisekunde 100 hivi, mingine karibu 600. Ofisi ikinunua simu mpya za bei nafuu ambazo urefu wake haulingani na ule wa mtambo, kinachotokea ni kimoja kati ya viwili: mtambo hauoni kitu, au huona kwamba mkonga umewekwa chini na kukata simu. Watumishi wakikatiwa mara mbili au tatu, huacha kuhamisha simu moja kwa moja. Fundi anayejua kazi yake hurekebisha hilo kwa dakika chache, iwapo ataambiwa.

Yafaa kukumbuka kwamba hofu ya mteja kupotelea swichibodi ndiyo iliyoleta mitambo ya kujiendesha duniani. Almon Strowger, mwendesha shughuli za mazishi mjini Kansas City, Marekani, inasimuliwa kuwa alishuku wateja wake walikuwa wakiunganishwa kwa mshindani wake na opereta wa mji, ambaye alikuwa mke wa mshindani huyo. Mwaka 1891 alipata hataza ya mtambo unaomwezesha mpigaji kuchagua namba mwenyewe, na mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulianza kazi mjini La Porte, jimboni Indiana. Zaidi ya miaka 130 baadaye, mteja bado anaweza kupotelea mapokezi, safari hii bila ya mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kudaka na kuegesha

Jambo la pili ambalo ofisi nyingi hulikosa ni kudaka simu. Simu ya meza ya jirani inalia na mwenyewe amekwenda kuswali au kula. Waliopo hutazamana. Mmoja huamua kuinuka, na anapoifikia imekwishanyamaza. Katika karibu mitambo yote, mtumishi anaweza kuivuta simu hiyo ikaja kwake bila kuinuka, kwa kubonyeza namba fupi kwenye simu yake mwenyewe.

Namba hizo hutofautiana kutoka mtambo mmoja hadi mwingine, na ndiyo maana kumwiga rafiki wa ofisi jirani hakusaidii. Katika mitambo inayoendeshwa kwa programu ya FreePBX, kwa mfano, namba inayokuja na programu hiyo ni nyota 8 kwa kudaka simu inayolia katika kikundi, au nyota mbili zikifuatwa na ekstensheni inayolia. Sharti ni kwamba fundi awe amewagawa watumishi katika vikundi. Wahasibu wadake simu za wahasibu, wa mauzo wadake za mauzo. Bila mgawanyo huo, mlinzi wa getini anaweza kudaka simu ya mkurugenzi, jambo ambalo halimfurahishi yeyote kati yao.

Kuegesha simu ni ndugu wa kudaka, na huduma hii imetengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo watu hawakai mezani: ghala, karakana, hoteli na hospitali. Opereta akipokea simu ya daktari ambaye yupo wodini, huihamishia kwenye maegesho. Mtambo humtajia nafasi, tuseme 71. Kisha hutangaza kwa kipaza sauti, au hutuma ujumbe, kwamba daktari ana simu namba 71. Daktari hunyanyua mkonga wa simu yoyote iliyo karibu, hubonyeza 71, na anakuwa hewani. Hapa pia simu isiyochukuliwa kwa muda uliopangwa hurudi kwa aliyeiegesha.

Zipo huduma nyingine zinazotajwa kwa ufupi tu kwa kuwa hazina ugumu. Kuunganisha watu watatu katika mazungumzo mamoja kunahitaji kitufe kile kile cha R. Kuomba mtambo umpigie mtumishi pindi ekstensheni iliyokuwa ikitumika itakapokuwa wazi kunamwondolea adha ya kujaribu kila baada ya dakika moja. Na mkurugenzi anaweza kupangiwa kwamba simu zake zote zilie kwanza kwa katibu muhtasi, isipokuwa zile zinazotoka kwa katibu muhtasi mwenyewe.

Kuelekeza kwingine

Simu ya ekstensheni inaweza kuelekezwa kwingine kwa namna tatu: wakati wote, pale inapokuwa na mazungumzo mengine, au pale isipopokewa. Watumishi wengi wanaijua ile ya kwanza tu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa matumizi ya kila siku. Mhasibu anayekwenda likizo huelekeza simu zake kwa mwenzake, hurudi baada ya siku 28, na kwa wiki nzima hushangaa kwa nini hapigiwi. Katika FreePBX, nyota 72 huwasha huduma hiyo na nyota 73 huizima. Kwa shughuli za kawaida, ile ya kuelekeza isipopokewa ndiyo yenye busara, kwani haihitaji kukumbukwa.

Hapo ndipo panapopatikana pia dawa ya tatizo la namba za mkononi. Badala ya mapokezi kumpa mteja namba binafsi ya ofisa mauzo aliye nje, simu ya mezani ya ofisa huyo huelekezwa kwenye simu yake ya mkononi baada ya milio minne. Mteja hubaki na namba moja, ile ya kampuni inayoanza na 022. Ofisa akiacha kazi, ekstensheni yake hupewa mrithi wake na wateja hawahitaji kutangaziwa lolote.

Hata hivyo, huduma hiyo ina gharama ambayo meneja anapaswa kuijua kabla hajaidhinisha. Mteja hulipia kipande cha kutoka kwake hadi ofisini, na kampuni hulipia kipande cha kutoka ofisini hadi simu ya mkononi. Zaidi ya hayo, kwenye laini za waya za kawaida, mazungumzo hayo mamoja hushika laini mbili, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Ofisi yenye laini tatu, ikiwa na maofisa wawili waliopigiwa kwa wakati mmoja wakiwa nje, itawafungia mlango wateja wengine wote.

Kufungwa mlango huko hakuonekani ndani ya ofisi. Simu hazilii, kwa hiyo watumishi hudhani siku ni ya utulivu. Ni mpigaji pekee anayesikia mlio wa laini kutumika.

Swali la laini ngapi zinatosha lilijibiwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Hesabu zake, alizozichapisha kati ya mwaka 1909 na 1917, bado zinatumika. Tuchukue ofisi inayopokea simu 30 katika saa yenye shughuli nyingi, kila moja ikichukua wastani wa dakika tatu. Hizo ni dakika 90 za mazungumzo ndani ya saa moja, na mtu anaweza kudhani kwamba laini mbili zinatosha na kubaki. Kwa hesabu ya Erlang, ikiwa na laini mbili ofisi hiyo itawakosa karibu wapigaji 31 katika kila 100. Ikiwa na tatu itawakosa 13, ikiwa na nne itawakosa watano, na ikiwa na tano itamkosa mmoja hivi. Sababu ni kwamba wapigaji hawaji kwa zamu, huja kwa makundi kama abiria wa daladala jioni.

Kumbukumbu za mtambo wenyewe huonyesha idadi ya simu na muda wake kwa kila saa. Ni karatasi ambayo mameneja wachache huiomba.

Sauti inayopokea

Ofisi kubwa huweka sauti iliyorekodiwa inayomkaribisha mpigaji na kumwelekeza kitufe cha kubonyeza. Huduma hii iliwezekana baada ya simu za vitufe kuanza kutumika nchini Marekani Novemba 1963, na vitufe vya nyota na reli kuongezwa mwaka 1968. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, ambayo mtambo huitambua hata kukiwa na kelele. Kitufe cha 5, kwa mfano, huunganisha mlio wa hezi 770 na ule wa hezi 1,336.

Ufundi huo ni wa kuaminika. Kinachowaudhi watu ni maneno yanayorekodiwa. Kampuni huanza kwa kueleza historia na tuzo zake, huku mpigaji akilipia kila sekunde. Kisha huorodhesha machaguo tisa, likiwemo la kusikiliza tena machaguo hayo tisa. Mpigaji hawezi kukumbuka zaidi ya manne au matano. Utaratibu unaofaa ni kutaja kwanza shughuli kisha kitufe, yaani "kwa malipo, bonyeza 2", kwa sababu mtu hungoja kusikia shida yake ndipo atege sikio kwa namba. Na wakati wote kuwepo kitufe cha kuzungumza na mtu, kitajwe mapema, na kweli kiwe na mtu.

Lugha nayo ni suala. Ofisi inayohudumia wananchi wa kawaida haina sababu ya kuwakaribisha kwa Kiingereza cha lafudhi ya kigeni, Kiswahili kikangoja kitufe cha 2.

Mtambo hupangiwa pia saa za kazi, ili baada ya saa 11 jioni mpigaji aelezwe kwamba ofisi imefungwa na itafunguliwa lini, au simu ihamie kwa mlinzi. Ratiba hiyo inaweza kujua Jumapili na Krismasi. Haiwezi kujua Idd, ambayo hungoja mwandamo wa mwezi. Lazima awepo mtu aliyekabidhiwa jukumu la kubonyeza kitufe cha mapumziko usiku ule tangazo linapotolewa.

Kisanduku cha ujumbe wa sauti, kwa upande wake, hakijapata wapenzi wengi hapa nchini. Watu wengi wakisikia mlio wa kuachia ujumbe hukata, kisha hutuma ujumbe wa maandishi. Ofisi isiyokuwa na mpango wa kuvisikiliza visanduku hivyo kila asubuhi ni bora ivizime. Mteja asiyejibiwa ujumbe alioucha kwa sauti yake mwenyewe hukasirika kuliko yule ambaye hakupokewa.

Zipo sababu nyingine za kuvizima, nazo ni nzito zaidi.

Mlango wa nyuma

Yote yaliyoelezwa yanaufanya mtambo uweze kupokea simu kutoka nje na kuipeleka nje tena. Uwezo huo huo, ukiachwa bila kulindwa, ndio mlango wa mwizi. Mhalifu hupiga namba ya kampuni usiku, hufika kwenye kisanduku cha ujumbe au kwenye huduma inayowaruhusu watumishi walio safarini kuomba laini ya ofisi, hubahatisha namba ya siri, kisha huanza kupiga nchi za mbali kwa gharama za kampuni. Mara nyingi namba anazozipiga ni zile ambazo mwenyewe au washirika wake hulipwa kwa kila dakika inayopita.

Juni 2009, waendesha mashtaka wa Serikali ya Marekani jimboni New Jersey walitangaza mashtaka dhidi ya watu waliodaiwa kuingilia kutoka Ufilipino mitambo ya simu ya kampuni na taasisi zaidi ya 2,500 katika Marekani, Canada, Australia na Ulaya. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, dakika zaidi ya milioni 12 zilipigwa kupitia mitambo hiyo, zikiwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 55.

Udhaifu unaotumiwa katika wizi wa aina hiyo hauhitaji utaalamu wa ajabu. Ni namba za siri nyepesi, au zile zile zilizowekwa kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha. Namba ya 1234, au namba ya siri inayofanana na ekstensheni yenyewe, hufunguka kwa majaribio machache. Udhaifu huo huo ndio uliowawezesha watu waliofanya kazi kwa gazeti la News of the World la Uingereza kusikiliza ujumbe wa sauti katika simu za mkononi za watu mashuhuri, kashfa iliyosababisha gazeti hilo kufungwa Julai 2011.

Mitambo inayotumia intaneti ipo katika hatari zaidi, kwa kuwa mwizi hahitaji hata kupiga simu. Kompyuta zake hubisha hodi usiku na mchana zikijaribu ekstensheni baada ya ekstensheni. Wezi hupenda siku za mwisho wa wiki na sikukuu, kwa kuwa hakuna atakayegundua hadi Jumatatu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, lakini mwenye kampuni atakuwa na ankara mkononi kabla polisi hawajamjua mtuhumiwa.

Kinga zenyewe zimo ndani ya mtambo. Kila ekstensheni inaweza kupewa kiwango chake: nyingine ndani ya ofisi tu, nyingine ndani ya nchi, na chache mno nje ya nchi. Simu ya mapokezi, ambayo kila mgeni anaweza kuinyanyua, haina sababu ya kuweza kupiga ng'ambo. Wanaohitaji kupiga hupewa kila mmoja namba yake ya siri, ambayo huandikwa katika kumbukumbu kando ya kila simu, na hapo mabishano ya mwisho wa mwezi kuhusu nani alipiga wapi humalizika. Aidha, kampuni inaweza kumwomba mtoa huduma wake afunge simu za kimataifa kabisa, au aweke ukomo wa fedha kwa siku. Huduma ya kuomba laini kutoka nje, kama haina anayeitumia, izimwe.

Umeme na kumbukumbu

Tangu soko la mawasiliano lilipofunguliwa kikamilifu Februari 2005, TTCL haikuwa tena mlango pekee wa laini za mezani. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, intaneti iliyo imara ilipatikana, na kampuni nyingi zilihamishia simu zao huko. Programu ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999 na kutolewa bure, imeziwezesha hata ofisi ndogo kuwa na huduma ambazo zamani zilikuwa za benki na hoteli kubwa.

Nafuu hiyo ina masharti. Mazungumzo mamoja katika mfumo wa kawaida hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na pamoja na vifungashio vyake vya kusafiria hupita 80. Ofisi inayotumia intaneti moja kwa simu na kwa kupakua mafaili makubwa itasikia sauti zikikatika katika, mpaka fundi aipe simu kipaumbele.

Umeme ni sharti jingine. Simu ya waya iliyounganishwa moja kwa moja na laini ya nje hupata umeme wake kutoka kituo cha simu, ndiyo maana ililia hata giza lilipotanda mtaa mzima. Simu zilizo nyuma ya mtambo hazina bahati hiyo. Umeme ukikatika na betri ya akiba ikawa imekufa, ofisi nzima hunyamaza. Baadhi ya mitambo ya waya ina tundu maalumu ambalo, umeme ukikosekana, huunganisha simu moja moja kwa moja na laini ya nje. Inafaa kujua kama tundu hilo lipo na ni simu gani imechomekwa hapo.

Kurekodi mazungumzo, kwa upande wake, kumekuwa rahisi kiasi cha kuwashwa kwa kubofya mara moja. Wenye ofisi wakumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu. Mpigaji aambiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa na kwa sababu gani, na rekodi zisiachwe mahali ambapo kila mtumishi anaweza kuzisikiliza.

Kipimo rahisi cha hali ya simu za ofisi hakihitaji fundi. Meneja atoke nje saa saba mchana, wakati wa chakula, apige namba kuu ya kampuni yake kwa simu ambayo mapokezi hawaijui, na aombe kuunganishwa na mtu ambaye anajua hayupo. Arudie jambo hilo saa moja usiku, na mara moja zaidi Jumamosi.

Akishajua kasoro zilipo, ndipo amwite fundi. Siku fundi huyo anapomaliza kazi, kuna vitu vinne vya kudai kabla ya kusaini hundi yake: namba ya siri ya msimamizi wa mtambo ikiwa imebadilishwa kutoka ile ya kiwandani, nakala ya mpangilio wote wa mtambo iliyohifadhiwa nje ya mtambo wenyewe, orodha ya ekstensheni na kiwango cha kila moja, na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye namba za kuhamisha, kudaka, kuegesha na kuelekeza simu. Ukurasa huo ubandikwe kando ya kila simu, na fundi asiondoke mpaka mhudumu wa mapokezi amefanikiwa kuhamisha simu tatu mbele yake bila kumkata mtu.